Mabehewa mawili, mshono mmoja na dirisha la choo

Naanza na kosa maana ndo lilonifundisha. Desemba ya mwaka juzi, niko besimenti ya nyumba tunayopanga hapa Illinois, nje theluji, ndani hita inaguruma, mkononi nina behewa la plastiki la treni ya mfano, sentimita 25 hivi, na msumeno mwembamba kama wembe. Nikaweka rula kutoka mwisho wa behewa mpaka katikati, nikachora mstari, nikakata. Nilikata vizuri tu, taratibu, kama mtu anakata mkate wa boflo. Kumaliza nageuza ubavu niangalie, mstari umepita katikati ya dirisha. Yani katikati kabisa, nusu dirisha liko huku nusu liko kule, na kale kafremu kake kembamba kamevunjika kakaruka sijui wapi mpaka leo sijakaona.

Nikakaa kimya kama dakika tano. Mama watoto akashuka kuchukua nguo kwenye mashine, akaangalia meza, akaniangalia mimi, akasema "si lilikuwa zima hili?" akapanda zake juu.

Mi ni mtoto wa Tabora, na mtoto wa Tabora treni haimtoki mwilini hata umpeleke wapi. Mji wetu ni wa reli, Wajerumani walianza kujenga kutoka Dar mwaka 1905, wakafika Tabora 1912, Kigoma 1914, na baadae ikachepuka ya Mwanza, kwa hiyo sisi utotoni saa zetu zilikuwa ni treni. Mjomba wangu alikuwa mkaguzi wa mabehewa, ile kazi ya kupita na nyundo usiku anagonga magurudumu anasikiliza mlio. Akigonga gurudumu zima linalia kama kengele, lenye ufa linalia kama sufuria. Nilikuwa namfuata nyuma na taa. Sasa nimekuja huku, napiga shifti ya usiku kwenye ghala, asubuhi usingizi hauji, na jirani yetu mmoja mzee mstaafu, mi namwita Babu na yeye kazoea, siku moja kanishusha besimenti kwake nikakuta ana reli imezunguka chumba kizima, treni zinatembea, taa zinawaka, stesheni ina watu wadogo kama punje ya mchele imesimama wima. Aisee. Nilikuwa kama mtoto. Hapo ndo nilipoharibikiwa.

Kipimo anachotumia Babu kinaitwa HO, maana yake kila kitu umekigawa kwa 87. Mtu wa mita moja na sentimita 73 anakuwa milimita 20 kasoro. Behewa la abiria la Marekani, yale ya miaka ya 1940 na 1950 kwenda mbele, urefu wake wa kawaida ni futi 85, karibu mita 26, ukigawa unapata milimita 297 na ushee. Lakini mengi ya yale ya plastiki ya zamani yaliuzwa yamefupishwa, futi 72 hivi, milimita 252, na macho yako ukishazoea picha za treni halisi unaona kabisa kuna kitu hakiko sawa, ni kama mtu ana kiwiliwili kifupi. Mi nilinunua manne kwenye soko la mitumba, hayana boksi, mengine hayana magurudumu, dola 20 yote. Babu akayaangalia akasema haya ni mazuri kwa kukata. Nikamuuliza kukata vipi? Akasema unachukua mawili mafupi unapata moja refu, na kinachobaki unaunga unapata fupi zaidi. Nikaona hesabu nzuri hiyo, hakuna kinachotupwa. Sikuuliza swali la pili, nikarudi kwangu na msumeno wa kuazima, na mengine nshawaambia.

Nilipompelekea maiti ile Babu hakucheka, alinipa karatasi. Akasema piga fotokopi ubavu wa behewa, nakala mbili, halafu kata karatasi. Ukate karatasi mpaka uridhike ndo ukate plastiki. Na akaniambia kitu ambacho nilikiona kidogo tu wakati ule lakini ndo kitu chote: usipime kutoka mwisho wa behewa, pima kutoka kwenye madirisha.

Nikaenda kukaa na karatasi zangu. Madirisha ya behewa yana mdundo, ni kama ngoma, dirisha nguzo dirisha nguzo, na kwenye haya yangu mdundo unajirudia kila milimita 22. Jicho la mtu halijui behewa lina milimita 297 au 290, ila nguzo moja ikiwa nene kuliko wenzake milimita mbili tu jicho linakwama pale pale. Mi nilihitaji kuongeza milimita 45 na nusu kufikia futi 85. Midundo miwili ni 44. Basi, naongeza 44, behewa langu linapungua milimita moja na nusu, ambayo kwenye behewa halisi ni kama sentimita 13, na hakuna mtu duniani atakayekuja na tepu kunihoji. Kuna wanaobishana sana juu ya hizo sentimita 13, mi siwawezi.

Na pale pa kukata sasa. Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani pale sokoni, na kitenge kikimpungukia alikuwa anaunga kipande, lakini hutakiona hata ukitafuta, maana anaungia kwapani au anafuata ua la kitenge, mshono wake anauficha kwenye mstari ambao kitambaa chenyewe kinao tayari. Hiki ndo nilikikumbuka nimeshika karatasi. Behewa halisi lenyewe limeungwa, ni mabati yameshikana, na kwenye plastiki wameonyesha ile mistari ya bati na bati, midogo, inashuka wima kwenye nguzo kati ya dirisha na dirisha. Ukikata hapo hapo kwenye mstari wa bati, mshono wako unakuwa sio kosa tena, unakuwa ni bati. Kama behewa lako ni lile la mifereji mifereji ya chuma kisichoshika kutu, ya kampuni ya Budd kule Philadelphia, hapo pole, kila mfereji lazima ukutane na mwenzake na mwanga unasema ukweli wote. Yangu yalikuwa ubavu laini. Anzeni na ubavu laini.

Halafu msumeno wenyewe unakula. Hii hakuna aliyeniambia. Msumeno mwembamba wa kazi hizi, wenye meno zaidi ya 40 kwenye inchi moja, bado unakula karibu theluthi ya milimita kila unapopita, na wewe mwenyewe ukitetemeka inakuwa nusu. Kwa hiyo hukati juu ya mstari. Unakata nje ya mstari, upande wa kipande usichokitaka, unabakisha kama nusu milimita, halafu hiyo nusu unaimaliza na tupa na msasa uliogandishwa juu ya kioo. Kioo nilitoa kwenye fremu ya picha ya harusi yetu, nimeshairudisha, kwa hiyo hilo tuliache. Unaweka msasa namba 400 juu ya kioo, unasimamisha kipande wima na kibao cha pembe mraba kimekishikilia, unasugua kwa mzunguko kidogo kidogo unaangalia, unasugua unaangalia. Ile kazi ya kukata ni dakika kumi na kusugua ni saa nzima, na mwanzoni nilikuwa nafanya kinyume.

Ujanja mwingine wa watu ni kukwaruza na kuvunja, unapitisha ncha ya kisu mara nyingi kwenye mstari halafu unakunja inakatika tak. Kwenye bati la plastiki lililo sawa inafanya kazi safi kabisa, safi kuliko msumeno. Kwenye ubavu wa behewa wenye matundu ya madirisha usithubutu, ule ufa hauna adabu, ukifika kwenye kona ya dirisha unachepuka. Nimeshapoteza nguzo mbili hivyo, siku tofauti, maana mara ya kwanza nilijiambia ni bahati mbaya.

Basi jozi ya pili nikakata kwa utaratibu. La kwanza nikabakisha milimita 148 upande wa kushoto, la pili milimita 148 upande wa kulia, jumla 296, na vilivyobaki ni vipande viwili vya 104, kila kimoja na mwisho wake. Nikaviweka kwenye kopo la maziwa, nikavisahau.

Kuunga sasa. Plastiki nyingi za haya mabehewa ni polistirini, na gundi yake sio gundi kwa maana ya kunata, ni maji membamba yanayoyeyusha plastiki, pande mbili zinayeyuka zinaingiliana zinakuwa kitu kimoja. Ile ya Tamiya nyembamba ina brashi kwenye kifuniko na ndo naitumia sana. Hupaki halafu ukabandika. Unakutanisha kwanza pakavu, unashikilia, halafu unagusa brashi kwenye mshono kwa ndani na yenyewe inakimbia kama maji kwenye utambi. Ukiona kaukingo kembamba kamevimba kwa nje ujue imeshika, usikaguse. USIKAGUSE. Mi niligusa, alama ya kidole ikabaki kwenye ubavu kama kitambulisho cha NIDA.

Jaribio langu la kwanza la kuunga, lile la maiti niliyoitengeneza kwa mazoezi, nilibana na mpira. Mipira ya kufungia pesa, mitatu, nikaivuta mwisho kwa mwisho nikaona imekaza vizuri, nikaenda kazini. Asubuhi narudi nakuta ndizi. Mpira ulikuwa unavuta paa zaidi ya chini na plastiki ilikuwa bado laini, ikafuata. Ukiiweka mezani inabembea. Wanangu waliipenda sana hiyo, waliigeuza mashua.

Dawa yake nilikuja kuipata kwa hao hao wanangu, lego. Lego ni za mraba kwelikweli, fundi hawezi kukuchongea kibao cha mraba kama ile. Nikajenga kama zizi la lego juu ya kioo, refu, upana wa behewa kamili, behewa linaingia humo halina pa kupinda wala pa kuhama, juu naweka kitabu. Mtoto wa pili alikuwa anakuja kila siku kuhesabu matofali yake kama karani wa benki. Na ndani ya mshono, kila upande, nabandika kiraka cha plastiki cha milimita moja, kipana kadiri kinavyoweza bila kuonekana dirishani. Mshono bila kiraka ni ahadi tu.

Harufu jamani. Hiyo gundi na zile kali zaidi zinaumiza kichwa na mapafu, na majira ya baridi huku huwezi kufungua dirisha ukakaa, ni nyuzi kumi chini ya sifuri nje. Nilikuwa nafanya na dirisha dogo la besimenti wazi, feni inatoa nje, mi nimevaa koti na kofia, kama mlinzi wa usiku. Wenye watoto wadogo fanyeni wamelala na mlango umefungwa.

Uji. Hii ndo nayoipenda kuliko zote. Puti ya dukani inaziba mwanya, sawa, lakini ikikauka ugumu wake sio wa plastiki, ukisugua msasa yenyewe inaisha haraka kuliko ubavu, unabaki na kabonde. Babu akanionyesha kichupa cha glasi anachowekea makombo, vile vijiti vya fremu ambavyo vifaa vinakuja vimening'inia, vipande alivyokata, vumbi la msumeno, anamwagia ile gundi nyembamba anafunika. Kesho yake ni uji mzito kabisa wa plastiki. Unapaka na kijiti cha meno kwenye mwanya, unanyonywa, ukikauka ni plastiki ile ile, rangi ile ile, inasuguliwa sawa na wenzake. Mi maiti yangu ya kwanza, ile ya dirisha nusu, imeishia humo karibu yote, kwa hiyo naweza kusema iko ndani ya kila behewa nililotengeneza tangu hapo. Ubaya wa uji ni viputo, na ni kwamba hauna haraka.

Na hapa kwenye haraka ndo nililia. Behewa langu refu lilipokauka, siku moja na nusu, nikasugua 400, nikasugua 600, nikapitisha kucha kwenye mshono sioni kitu, nikafumba macho nikapitisha tena, sioni. Nikapiga sprei ya praima ya kijivu, safi. Nikapiga rangi. Nikapiga picha nikatuma Tabora. Wiki mbili baadae nalitoa kabatini naliweka chini ya taa naona mstari. Mwembamba, umebonyea, umetoka juu ya paa umeshuka mpaka chini kama kovu la opresheni. Ile gundi iliyoingia ndani ya plastiki ilikuwa bado inatoka, na ikitoka plastiki inanywea, mi nilisugua wakati imevimba. Kumbe nilikuwa nasawazisha uvimbe.

Nikavua rangi yote na spiriti ya asilimia 91, ile ya duka la dawa, behewa limelala kwenye trei usiku kucha halafu mswaki. Nikaweka uji tena, na safari hii nikaandika tarehe kwenye tepu nikabandika juu ya paa, nikaacha wiki mbili. Babu huwa anaacha mwezi. Babu ana mabehewa kumi na tano yanasubiri kwa hiyo kwake mwezi si kitu, mi nilikuwa na moja. Ushauri wangu kwa mwenye moja ni atafute la pili la kushughulika nalo, maana bila hivyo utaligusa tu. Na praima ya kijivu usiione kama rangi, ni askari, unaipiga ili ikuonyeshe ulichokosea, unasugua, unapiga tena. Mi nilipiga mara nne.

Kosa lingine, kwenye ile maiti ya mazoezi, lilikuwa ni kukata vyote mahali pamoja. Ubavu, paa, sakafu, vyote mstari mmoja, kwa hiyo udhaifu wote ukakaa sehemu moja, ukilishika katikati unasikia linacheka kidogo. Jozi ya pili paa nililikata milimita 20 mbele ya ubavu, nikafuata ule mstari wa mfereji wa mvua paa linapokutana na ubavu, kwa hiyo mshono unapanda, unatembea kwa mfereji, unapanda tena, kama ngazi. Na sakafu nikaiungia mbali zaidi, kama milimita 40 kutoka hapo. Tofauti unaiona ukilishika tu, ni kama mbao moja.

Sakafu yenyewe ina bati la chuma la kuongeza uzito, na hilo halikatwi na msumeno wa plastiki bwana, usiniulize nimejuaje. Uzito una kanuni yake, chama cha wapenzi wa treni cha huku Marekani, NMRA, wako tangu 1935, wanasema kwa HO unaanza na aunsi moja unaongeza nusu kwa kila inchi ya behewa. Langu la inchi 11 na robo tatu kasoro linataka aunsi karibu 7, gramu 190 na kitu. Lilikuwa na 130. Nikaongeza nati kuukuu juu ya magurudumu, sawa sawa huku na huku, ndo likatulia. Na zile bogi za magurudumu, yani vile vigari vya chini vinavyoshika magurudumu, mara nyingi ni plastiki nyingine ya kuteleza, asetali, hiyo hakuna gundi inayoiyeyusha, utapaka mpaka chupa iishe. Dondosha tone moja mahali pasipoonekana, likinata ni polistirini, likikauka kama maji tafuta skrubu.

Sasa siku ya kulitembeza. Nimelimaliza, limenyooka, mshono hata mi mwenyewe lazima nihesabu madirisha kujua uko wapi. Nikaliweka kwenye reli yangu ndogo, mviringo wa nusu kipenyo inchi 18, nikaliunga na mwenzake, likaenda, likafika kwenye kona, likatoka reli likalala ubavu. Nikaliinua, likalala tena. Mabehewa marefu yanatanuka kwenye kona, katikati inaingia ndani na ncha zinatoka nje, vifungio vinavutana, yanataka kona ya inchi 24 au zaidi. Ndo nikajua kwa nini yalifupishwa. Nimetumia miezi miwili kurekebisha kitu ambacho kilifanywa kwa ajili ya watu wenye besimenti kama yangu. Babu hapo alicheka mpaka akatafuta kiti. Behewa linaishi kwake sasa, kona zake ni inchi 30, naenda kulitembelea.

Kama uko karibu na Chicago nenda Union, ule mji mdogo ambako kuna makumbusho ya reli ya Illinois, wana treni nzima ya Budd ya 1936 inaitwa Nebraska Zephyr, simama karibu uone jinsi mabati yalivyoungwa, utajifunza pa kukata kuliko kwenye picha yoyote. Na kusini mwa jiji kuna Pullman, mtaa ambao kampuni ya jina hilo ilijenga kwa ajili ya wafanyakazi wake wa mabehewa ya kulala. Niliwapeleka watoto. Wahudumu wa ndani ya yale mabehewa walikuwa watu weusi, abiria wengi walikuwa wanawaita wote "George", jina la mwenye kampuni, kana kwamba hawakupewa majina na mama zao, mpaka 1925 wakaanzisha chama chao na A. Philip Randolph akiongoza, na 1937 kampuni ikasaini nao mkataba. Tangu siku ile mlangoni mwa behewa langu nimesimamisha kimtu kimoja, milimita 20, sikukiacha na rangi ya waridi kilichokuja nayo.

Turudi kwenye kopo la maziwa. Vile vipande viwili vya 104. Siku nimevikumbuka nikaviunganisha mezani pakavu, milimita 208 kasoro kidogo, nikazidisha kwa 87 kwenye simu ikaja mita 18. Nikakaa nikaiangalia hiyo namba. Hilo sio behewa la Marekani tena, hilo lina urefu wa kwetu kabisa.

Ila la kwetu ni jembamba, reli ya kati ya zamani ni ya mita moja sio ya milimita 1435 kama ya huku, na kama hii SGR mpya iliyoanza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro 2024. Mita moja ukigawa kwa 87 ni milimita 11 na nusu, reli ya dukani iliyo karibu ni ya milimita 12, nikachukua hiyo. Na paa nikalipasua kwa urefu, kutoka mwisho mpaka mwisho, nikatoa utepe wa milimita tatu katikati nikafunga tena. Hapo sasa kwenye mgongo wa paa hakuna mstari wa bati wa kujificha, kwa hiyo nikaweka vipumulio vya paa safu nzima juu ya mshono. Shangazi angeita hiyo lesi.

Ubavu nilitumia picha. Ninayo picha ya mjomba ya miaka ya themanini, kasimama pembeni ya behewa la daraja la tatu, Tabora, mikono nyuma. Nikasema rahisi, mjomba ni mita 1.73, naiprinti picha mpaka mjomba awe milimita 20, na behewa litakuwa saizi yake. Nikachora ubavu mpya kwenye plastiki ya nusu milimita, nikatoboa madirisha yote, jioni nne, nikauvalisha. Madirisha yametoka madogo kama ya jela. Mjomba alikuwa amesimama hatua mbili mbele ya behewa, karibu na kamera, kwa hiyo yeye mkubwa behewa dogo. Kitu kinachopimwa lazima kiwe kimeligusa behewa.

Nikampigia. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, baridi huko?" Nikamweleza. Akasema kesho asubuhi. Akaenda stesheni na tepu ya fundi, pale pembeni kuna mabehewa ya zamani yamesimama, akapima dirisha, nguzo, mlango, ngazi, akaniandikia kwenye kikaratasi akapiga picha akatuma, mwandiko ule ule wa kwenye ripoti zake. Akaniambia mlinzi alimfuata akamuuliza mzee unapima nini, akamjibu nakagua.

Nikatengeneza ubavu wa pili, na wa tatu maana wa pili niliuvunja. Nikaunga, nikaweka tarehe, nikasubiri wiki mbili kamili, praima, msasa, praima. Mwezi uliopita nikamtumia video, nikalizungusha taratibu chini ya taa, na kusema kweli nilikuwa nasubiri aniambie hajaona mshono.

Sauti yake ikaja baada ya nusu saa. Akasema zuri sana mwanangu, nimeonyesha watu, ila hapa mwisho umeweka madirisha yote yanafanana, sasa choo kiko wapi? Abiria wako wanatoka Dar mpaka Kigoma wanajisaidia wapi? Dirisha la choo dogo, liko juu, kioo chake cha ukungu, we mtoto ulikuwa unapita hapo kila siku.

Nimekata jana usiku, madirisha mawili, moja kila mwisho. Nimeziba kwa kipande, mshono nimeuweka kwenye mstari wa bati kulia kwa mlango, viraka viwili kwa ndani, uji juu. Liko kwenye zizi la lego sasa hivi, tepu ya tarehe iko juu ya paa, na mtoto nimemwambia matofali yake atayapata mwezi ujao.